Mke Mwenza wa Bibi: Kutoka Kikole hadi Kanisa Kubwa la Lindi

Safari hii niliifunga kwa ajili ya matusi. Nieleze vizuri, maana nawajua watu wa Kikole mtakavyoanza kunong'ona. Bibi yetu, Bibi Mwanaisha, aliyetulea mimi na mdogo wangu Hamisi baada ya wazazi wetu kufariki, ana ulimi ambao hapa kijijini hakuna asiyeujua. Mimi huniita mume wake mvivu. Mke wangu Zainabu, tangu aingie nyumbani, hajalisikia jina lake kinywani mwa Bibi. Huitwa "yule mwizi", naye humwita Bibi "kizee kisichochoka kuolewa". Asubuhi wasipotukanana, nyumba nzima huuliza ni nani mgonjwa. Ndivyo bibi na wajukuu wanavyopendana kwetu, na mnalijua hilo kuliko mimi.

Sasa Hamisi alikwenda Lindi kujifunza useremala kwa mapadri, akabatizwa, akawa Benedikto. Habari ilipotufikia, Bibi hakulia wala hakulaani. Alisema tu, "Mjukuu wangu ni mtu mzima." Mjukuu wangu! Zainabu aliacha kupepeta mtama akanitazama. Tangu siku ile Bibi hakumwita tena Hamisi mume wake. Kila alipomtaja, alimtaja kwa adabu, na adabu ile ilitutia baridi. Hamisi alipokuja kututembelea wakati wa Idi, Bibi alimpokea kama anavyompokea karani wa boma: kiti hiki, maji haya, hujambo, ahsante. Kijana aliondoka macho mekundu.

Baada ya kuvuna ufuta, mchuuzi mmoja alituletea salamu kutoka Lindi. Hamisi anaoa kanisani, anamwoa binti wa Kimwera aitwaye Anastasia. "Ameniambia nimwambie Bibi hivi," alisema mchuuzi yule. "Asipokuja, ataoa, lakini atakuwa kama hajaoa." Bibi aliendelea kusuka ukindu wake bila kuinua kichwa. Asubuhi ya pili nikamkuta uani anaukunja mkeka mpya, ule wa rangi nyekundu na zambarau alioushughulikia masika nzima.

"Twende," alisema.

"Mkeka huo ni wa nani, Bibi?"

"Wa kukalia."

Mimi ni fundi cherehani, kazi ya mikono naijua. Mkeka kama ule hausukwi kwa kukalia njiani.

Alfajiri tuliondoka Kikole kwa miguu, umande ukitulowesha mpaka magotini. Mimi nilibeba koti nililomshonea bwana harusi, limefungwa ndani ya shuka, na Bibi alibeba mkeka wake kichwani, hakutaka nimsaidie. Nangurukuru tulipata lori la mfanyabiashara mmoja wa Kivinje lililokuwa limejaa magunia ya ufuta. Dereva alikuwa Mmakonde mwenye chale usoni. Bibi alimtazama akasimama palepale kwenye gurudumu.

"Wewe, nani amekuandika usoni?"

"Wameandika nauli yako, Bibi. Njoo uisome."

"Sijui kusoma. Basi sitalipa."

Dereva alicheka, akamshika mkono akamkalisha mbele pamoja naye. Mimi, mwenye koti la harusi, nilipanda juu ya magunia na utingo. Niliwasikia wakitukanana mpaka Kiranjeranje, nikawa nasema moyoni: kumbe ulimi haujafa. Mgeni anaupata, Hamisi haupati.

Kiranjeranje tulifika jua linazama, na dereva akasema hawezi kuendelea na taa moja. Tulipokewa na mzee wa Kimachinga aitwaye Mzee Abdalla, ambaye nyumba yake inajulikana na madereva wote wa njia ile. Alitupa ugali wa mtama na mbaazi za nazi. Aliponiuliza tunakokwenda nikamwambia Lindi, kanisani. Aliacha kula.

"Kanisani kufanya nini?"

"Kumwoza mjukuu wangu," Bibi akajibu.

Halafu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, alimuuliza mwenyeji wetu kama ni kweli kwamba ukiingia nyumba ile wanakumwagia maji kwa nguvu ukabadilika. Msimcheke. Bibi aliona vita vya Majimaji akiwa mwali, akaiona na njaa iliyofuata, na tangu hapo nyumba yoyote aliyojenga Mzungu huipita kwa mbali.

Mzee Abdalla alifikiri kidogo. "Mimi niliwahi kuingia, nilipokwenda kumzika rafiki yangu. Padri alinyunyiza maji, yakanipata hapa begani. Nikayafuta, nikatoka nje, na mke wangu akanigombeza kwa sauti ileile."

"Basi haidhuru," alisema Bibi, akaendelea kula.

Asubuhi tuliteremka kwenye bonde la Mbwemkuru. Mto ulikuwa umekauka karibu wote, lakini mchanga wake ulilishika lori tukashuka kusukuma. Utingo alitaka kutandika mkeka wa Bibi chini ya gurudumu. Sitaandika hapa aliyoambiwa. Mkeka ulibaki kichwani kwa mwenyewe, naye alisimama kando akitusimamia na kutuambia tunasukuma kama watu waliolala njaa. Baada ya Mchinga tuliiona bahari, na alasiri lori liliingia Lindi, likapita mbele ya maduka ya Wahindi na kusimama sokoni.

Hamisi alikuwa pale anatungoja, amenyoa, amekonda. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hamjambo hapa?"

Hamisi akanipokea mzigo. Tulikwenda nyumbani kwake, nyumba ndogo ya udongo na makuti aliyoijenga mwenyewe, milango yake mizuri kuliko kuta. Anastasia alikuwapo na shangazi yake. Ni msichana mwembamba mwenye macho makubwa. Masista walimlea tangu utotoni, na gauni lake alilishona mwenyewe kwa mishono midogo ambayo mimi fundi niliionea wivu. Alipiga magoti mbele ya Bibi akamwamkia.

"Marahaba, binti. Mungu akuweke."

Akamletea maji. "Ahsante, binti." Akamletea kiti chenye mto. "Ahsante sana, binti, umejisumbua." Kila "binti" ilikuwa inafunga mlango mmoja. Mkeka ulikuwa umesimamishwa pembeni, kamba yake haijafunguliwa.

Hamisi alinivuta nje. "Kaka, umesikia?"

"Nimesikia."

"Kesho atakaa kanisani hivihivi. Kama mgeni aliyealikwa. Watu watasema amekuja, na mimi nitajua hakuja."

Kidogo Anastasia naye alitoka, akasimama karibu na mtungi akijifanya anachota maji. "Shemeji," aliniuliza, "nimekosea nini? Niambie nirekebishe."

"Hujakosea kitu. Hilo ndilo tatizo." Nikamweleza habari za Zainabu na jina lake la mwizi, na namna anavyojibu. Alinisikiliza sana.

"Hata kwetu Wamwera bibi hutania," alisema. "Lakini bibi zangu wote walikufa sijapata akili. Masista wametufundisha mzee hajibiwi. Mimi sijamtukana mtu hata siku moja."

"Na huwezi kuanza wewe," nikamwambia. "Lazima aanze yeye."

Jumapili asubuhi tulikwenda kanisani. Ndugu zangu, nilikwenda nikiwa nimejiandaa kutolipenda jengo lile, nikalipenda. Lilijengwa enzi za Mdachi, kwa mawe na chokaa, kuta nene kama za nyumba za kale za Kilwa, na ndani mna ubaridi mzuri unaoupata mara moja tu uvukapo kizingiti. Mlangoni pana bakuli la jiwe lenye maji. Bibi alilizunguka kwa mbali, akajibana ukutani, akapita. Mimi nilivua viatu kwa mazoea, nikaambiwa nivae. Nikabaki na kofia, nikaambiwa nivue. Nikaingia miguu imevishwa na kichwa kitupu, kinyume kabisa cha kwetu, nikahisi nimesahau kitu nyumbani.

Wanaume hukaa upande mmoja, wanawake upande mwingine. Kwa kuwa mimi humjua mtu kwa nguo zake, niliketi nikawasoma. Mbele walikaa Wagoa, makarani wa posta na forodha, wamevaa suti za kitani zilizopigwa pasi mpaka zinakata, na wake zao wamejifunika lesi nyeusi. Nyuma yao kina mama wa Kimwera na kanga zao mbilimbili, kisha akina mama wa Kimakonde wenye ndonya mdomoni na rozari shingoni. Kulikuwa na Wamakua waliovuka Ruvuma kutoka kwa Mreno, na Wangoni wa mashamba ya mkonge, mikono yao imekwaruzwa na miba, mashati yao meupe kuliko ya makarani. Bibi alikaa karibu na mke wa karani mmoja Mgoa, mama mnene mwenye upepeo wa ukindu. Yule mama alimtazama Bibi anavyotoka jasho la hofu, akasogea, akaanza kuwapepea wote wawili. Nilimpenda hapohapo.

Padri alikuwa Mzungu kijana, amefika kutoka Ulaya mwaka uleule. Alianza kusoma kwa Kilatini, na kanisa zima likamjibu kwa Kilatini. Nikamuuliza Mngoni niliyekaa naye maana yake nini.

"Sijui," alisema. "Mungu anajua."

Nikakumbuka chuo chetu cha Kurani kule Kikole, tulivyokuwa tukisoma Kiarabu kwa kuimba bila kujua neno, na mwalimu na fimbo yake. Nikajiona niko karibu na nyumbani kuliko nilivyodhani.

Ndoa ilifungwa kabla ya misa yenyewe, na sehemu hiyo ilikuwa ya Kiswahili. Hamisi alisimama mbele na koti langu, limemkaa vizuri, nasema kweli. Anastasia alisimama kando yake na shela. Padri akasoma pole pole, kama mtu anayetembea juu ya mawe: "Mwenye kujua kizuizi chochote cha ndoa hii, na aseme sasa."

"Mimi!"

Sauti ile niliitambua kabla sijageuka. Bibi alikuwa amesimama, amejifunga kanga kiunoni, mkono juu.

"Mimi ninacho kizuizi! Huyo ni mume wangu, hajanipa talaka! Nimekaa naye tangu hajaota jino, nimemwogesha, nimemlisha, leo anaoa juu yangu, analeta mwizi ndani ya nyumba, na hata kuniaga hakuniaga!"

Kina mama wa Kimwera walipiga vigelegele mpaka njiwa wakaruka kwenye boriti. Wamakonde walipiga makofi. Mama Mgoa aliacha kupepea, akajifanyia ishara ya msalaba. Mimi nilikuwa namtazama mdogo wangu. Alikuwa analia waziwazi, mabega ya koti langu yakitikisika, na uso wake umefunguka kama wa mtoto. Mume wangu! Amemwita mume wangu, mbele ya Lindi nzima!

Padri yeye alikuwa mwekundu. "Mama, unasema huyu ni mume wako?"

"Wa pili. Wa kwanza ni yule pale, fundi. Hana faida."

Kanisa zima likanigeukia. Nilitamani kofia yangu.

"Una wanaume wawili?"

"Nilikuwa nao wengi. Wengine wamekufa."

Padri akafunga kitabu. Kicheko kilipungua, maana tulimwona hachezi. Katekista, mwalimu wao wa dini, mtu mzima wa Kimakonde, alimsogelea akamwambia, "Padri, ni utani tu, bibi na mjukuu." Lakini alikuwa anajizuia kucheka, na nadhani hilo ndilo lililoharibu.

"Amesimama mbele ya altare akasema kuna kizuizi," alisema padri. "Siwezi kuendelea mpaka nichunguze na nimwandikie askofu. Isipokuwa mama ayaondoe maneno yake." Akamgeukia Bibi, na sikuona ubaya usoni mwake, nilimwona kijana anayeogopa kukosea. "Mama, tafadhali. Sema tu kwamba si mume wako."

Bibi aliteremsha mkono. Alimtazama padri, akamtazama Hamisi, na ule uchangamfu ukamtoka wote.

"Siwezi," alisema. "Nilikwisha kunyamaza mwaka mzima. Nikisema leo si wangu, hatakuwa wangu tena."

Padri hakuelewa. Akashuka ngazi moja kuelekea sakristia, chumba chake cha kuvalia. Hamisi alifunika uso. Nami nilikaa kama gunia, fundi mzima, nisijue nishike wapi.

Hapo Anastasia aliipa altare mgongo. Aliifunua shela yake kwa mikono miwili, akairusha nyuma, na macho yale makubwa yakamtafuta Bibi mpaka yakampata.

"Wewe kizee!" alisema. Sauti ilikuwa inatetemeka. "Mume nimekwisha kumchukua, na simrudishi! Meno huna, unataka mume wa nini? Kama unamtaka, njoo umchukue hapa tuone!"

Sista mmoja mzee alishika mdomo. Bibi alitoka kwenye benchi, akatembea katikati ya kanisa, pole pole, magoti yake mabovu yakimpeleka upande upande, mpaka akasimama uso kwa uso na bibi harusi.

"Umesemaje?"

"Umesikia."

"Sema tena."

Anastasia alivuta pumzi. "Nimesema mwizi ni wewe. Umekaa naye miaka yote hiyo, ukamleta kwangu mwembamba kama uzi!"

Bibi alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika uzio wa mbele ya altare asianguke, na huku anacheka machozi yanamtoka, anayafuta na ncha ya kanga. Kisha akamgeukia padri.

"Baba, huyu ananiweza. Nimemwachia. Wafunge."

Padri alibaki pale kwenye ngazi. Aliwatazama wanawake wale wawili, ambao sasa walikuwa wameshikana mikono na wote wanalia, akamtazama katekista. "Kizuizi kimeondoka?"

"Padri," katekista alimjibu, "kilikuwa si kizuizi. Ndiyo ruhusa yenyewe."

Akapanda ngazi, akafungua kitabu, na mdogo wangu akaoa. Vigelegele vilivyofuata vilipigwa na wote, na mama Mgoa, ambaye sidhani kama alikuwa amewahi kupiga kigelegele maishani, alijaribu kimoja kikamkwama.

Tuliporudi nyumbani, Bibi hakungoja hata maji. Aliifungua kamba ya mkeka kwa meno mawili aliyobakiwa nayo, akautandika katikati ya chumba, nyekundu na zambarau ikameta. "Kaa, mwizi," alimwambia Anastasia. Akakaa. Bibi naye akakaa kando yake, wakaanza kula sahani moja.

Siku ya pili yake padri alikuja kwa baiskeli. Alimwamkia Bibi shikamoo, akaomba aelezwe tangu mwanzo. Bibi alimweleza kwa subira ambayo sisi hatujawahi kupewa. Padri alisikiliza, akafikiri, akauliza kwa uangalifu, "Na mimi, Bibi, ningekuwa mjukuu wako?"

"Ungekuwa mume wangu wa tatu. Lakini wewe umekataa wanawake wote, na mimi sitaki mume mwenye gauni refu kuliko langu."

Padri aliyapanga maneno yale kichwani, halafu akacheka, kwa kuchelewa, akacheka sana. Nami nikamwambia upindo wa kanzu yake umefumuka upande wa kushoto, nikamshonea palepale.

Safari ya kurudi tuliipata kwa lori lilelile, sasa limebeba chumvi na nguo za duka. Hamisi na mkewe walitusindikiza sokoni. Mmeniuliza wengi nimejifunza nini Lindi. Nimejifunza kuwa mtu anaweza kuingia nyumba asiyoijua, akasikia lugha asiyoifahamu, na bado akakuta humo mama wa kumpepea. Nimejifunza pia kumwogopa mtu anaponiita kwa heshima nyingi kuliko jana. Zaidi ya hayo sijui, mimi ni fundi.

Lori lilipoanza kuondoka, Anastasia alilikimbilia, akashika mlango. "Usirudi hapa, mgombea waume!"

"Nitarudi ukijifungua," alijibu Bibi, "nije nimchukue na huyo!"

Barabara ilikuwa mbovu kama tulivyoiacha, na kila shimo lilimrusha Bibi kwenye kiti akalalamika kiuno. Dereva akamuuliza, "Bibi, mkeka wako uko wapi, ukalie?"

"Kauchukua mke mwenzangu. Mume kachukua, na mkeka kachukua!"

Alimwambia hivyo dereva, akamwambia Mzee Abdalla pale Kiranjeranje, akawaambia watu wote wa Nangurukuru waliomwamkia na wasiomwamkia. Na nyinyi wa Kikole mlimsikia wenyewe, akipanda kilima jioni ile, akimshitaki mwizi wake kwa sauti ya kutosha vijiji viwili, mpaka Zainabu akatoka uani mbio kuuliza kama kuna mwizi mwingine zaidi yake.